Tapeti za Pikipiki ya Mkunga

Jumatatu, 3 Juni

Imekwisha! Siku tisa injini ya pikipiki ya mkunga ilikuwa mezani vipande vipande, leo imerudi mahali pake. Pistoni mpya, ringi mpya, valvu mbili mpya, beringi za kranki. Nimepiga kiki mara mbili tu — ikawaka.

Tapeti nimeziweka kwa sikio, kama nilivyoziweka miaka thelathini na mbili. Tapeti ni kidole tu, kinabonyeza valvu ifunguke. Ukiikaza mno, valvu inaungua. Ukiilegeza mno, inagonga, na valvu haifunguki vya kutosha. Wengine hupima hiyo nafasi kwa vibati vyembamba vya chuma. Mimi naiacha injini iwake taratibu, nalegeza skrubu mpaka valvu iseme tik-tik, halafu narudisha kidogo. Basi. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Sikio. Leo imebidi nilegeze sana ndipo iseme. Valvu mpya, tabia mpya.

Ilipotulia — kimya! Sijawahi kukutana na injini ya aina hii iliyo kimya namna hii.

Mkunga kaja kuichukua saa kumi. Ana akina mama wawili ng'ambo ya kilima, wote siku zao zimekaribia, na kwa miguu ni mwendo wa saa mbili. Alisema kitu akicheka, nami nikacheka. Akaondoka.

Nilitaka kumsimulia mtu. Enzi za marehemu mke wangu ningeingia ndani nikajisifu, naye angesema hongera bila kuinua uso. Sasa najisifu kwenye daftari. Daftari halina hongera.

Jumanne, 4 Juni

Imerudi. Mkunga kaisukuma kutoka nusu ya kilima, jasho linamtiririka, viatu kavitundika kwenye usukani. Anasema gia ya tatu haivuti kabisa, ya pili inajikongoja, ya kwanza ndiyo inapanda, nayo kwa shingo upande. Eti pia inapiga kelele. Kelele! Nikamwambia habari za sauti aniachie mimi.

Nimetoa plagi. Kahawia safi, rangi ya injini yenye afya. Cheche kubwa, ya bluu. Nimeirudisha ilivyokuwa.

Alipokuwa anaondoka alinisogelea akanishika bega, akasema mama wa kwanza ana mapacha. Mapacha huwa hawangoji tarehe. Kama pikipiki haipandi kilima, atachelewa, na akichelewa — hakumaliza. Nimempa neno langu: Alhamisi.

Jumatano, 5 Juni

Kabureta nimeifungua, nimeiosha, nimepuliza kila kitundu mpaka mashavu yakauma. Chujio la hewa ni safi. Mafuta yanashuka vizuri. Nikafunga, nikaenda nayo kilimani mwenyewe.

Tambarare inakwenda. Ukiipa mlima, inakata pumzi. Unavuta resi mpaka mwisho, yenyewe inakutazama tu. Nilipitwa na mwenye baiskeli! Baiskeli yenyewe imebeba godoro. Mwendeshaji aligeuka akasema neno, sikujishughulisha nalo, bila shaka lilikuwa la mzaha.

Nimerudi nikaiacha iwake nje ya karakana, nisikilize. Jirani yangu mshonaji alikuwa dirishani. Nikampungia mkono. Akafunga dirisha. Nimemkosea nini? Miaka saba tunatumia ukuta mmoja. Zamani alikuwa akipita ananitania, fundi leo umeoga. Siku hizi anapita kama anapita kaburini. Labda mjane wa kiume anachosha watu. Labda nanuka oili.

Alhamisi, 6 Juni

Klachi haitelezi. Breki hazikwamishi gurudumu, nimelizungusha likajiendea lenyewe. Bomba la moshi nimelitoa, nimechungulia, jua linaonekana upande wa pili. Kompresheni — kidole gumba kwenye tundu la plagi, kiki, kidole kikarushwa. Kila kitu kizima. Nguvu hakuna.

Neno langu nimelivunja. Mkunga alipokuja nikamwambia ringi mpya zinahitaji kuzoeana na silinda, aipe siku. Ni kweli, ila si kwa kiasi hiki. Akasema, karibu kabisa na uso wangu, kwamba akina mama wake hawajui habari za ringi. Jumatatu. Ikiwa haiko tayari siku hiyo, anaipeleka kwa Mrefu.

Kwa Mrefu! Huyo nilimfundisha mimi, miaka sita, kutoka hajui spana namba kumi wala namba kumi na mbili. Miaka miwili iliyopita akaondoka akafungua karakana yake kule njia panda. Akaondoka bila kwaheri. Asubuhi nainua kichwa kutoka kwenye injini, sanduku lake la vifaa halipo, naye hayupo. Hata mbwa huaga. Pikipiki hiyo ikifika kwake, mtaa mzima utajua kwamba Sikio kakwama, na Mrefu ndiye kamkwamua. Basi hapo nifunge mlango nikauze mkaa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefungua kifuniko cha ubavuni kuangalia cheni ya taimingi. Ikiruka jino moja tu, injini inapoteza nguvu. Niliomba iwe imeruka. Naandika ukweli, hakuna atakayesoma: niliomba niwe nimekosea, ili nijue nilipokosea. Alama zote mbili ziko mahali pake, sawasawa.

Tapeti nimezisikiliza tena. Kimya. Sikuzigusa. Tapeti zangu hazijawahi kuwa na kosa.

Saa sita Mrefu alipita barabarani. Amenenepa, ana ndevu. Alisimama, akaitazama ile pikipiki inavyowaka, akakunja uso. Nilikuwa nimempa mgongo nusu, namwona kwa pembe ya jicho. Akasimama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hata shikamoo! Nimekunywa chai mbili kuizima hasira, haikuzimika.

Jumapili, 9 Juni

Binti kapiga simu. Namba yake nimeiona kwa bahati, kulikuwa tayari na simu zake tano ambazo hazikupokelewa. Simu hii mbovu. Hailii.

Siku hizi anaongea chini chini, kama mtu anayeongea kanisani. Labda mumewe yuko karibu. Labda kachoka nami na hataki kusema. Nilisema ndiyo. Nikasema ndiyo tena. Nikasema sawa mama, salimia watoto. Nusu ya mazungumzo sikujua tuko wapi, nikaona aibu kuuliza mara ya nne. Dakika tatu, kwisha. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka sikio linapata moto.

Chumba kimoja, kitanda kimoja, sahani moja. Nimeosha ile sahani mara mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefanya ubaya leo.

Mkunga alikuja asubuhi na mkoba wake wa kazi begani, anatoka kumpima yule mama wa mapacha. Kaenda na kurudi kwa miguu. Mguu mmoja umevimba. Nikawasha pikipiki nikamwambia, injini nzima, mama, sikiliza ilivyo kimya, tatizo ni mafuta mabaya ya mji huu. Akanitazama. Akasema, "Kimya?"

Akafungua mkoba. Akatoa kile chombo chake cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, kama tarumbeta ndogo ya mbao. Akainama, akaweka mdomo mpana wa chombo juu ya injini pale kwenye valvu, sikio lake upande wa pili. Hakukaa hata sekunde tano. Akainuka anafikicha sikio.

"Fundi, hii inagonga. Inagonga kama mtu anapiga sufuria."

Nikachukua chombo. Nikasikiliza. Mngurumo tu, mzito, wa mbali. Nikajaribu sikio la pili. Mngurumo. Nikamwambia hicho ni cha watoto, si cha injini.

Akamwita mshonaji. Mshonaji akaja na futi ya kupimia shingoni, mikono kiunoni, akasema wiki nzima anafunga dirisha kwa ajili ya kelele ya pikipiki hiyo, hasikii hata cherehani yake mwenyewe. Anasema alishaniambia. Jumatano aliniambia, Ijumaa pia, mimi nikampungia mkono na kutabasamu, akaona namdharau.

Wanawake wawili wananifundisha injini katika karakana yangu! Nikapandisha hasira. Nilisema mambo ambayo sitayaandika. Nikawaambia waondoke wote wawili na tarumbeta lao. Mkunga alifunga mkoba wake. Alishika usukani, akaisukuma pikipiki hadi barabarani, mguu umevimba vile vile, akakata kushoto. Kushoto ni kwa Mrefu.

Jumanne, 11 Juni

Sikufungua karakana.

Ukutani kuna saa. Ya marehemu, aliinunua kabla hatujapata binti, na ilikuwa na mlio wa kuudhi, tulizoea kuifunika na kitambaa. Mwaka jana iliacha kulia. Nilifurahi. Leo nimekaa kitandani naitazama, mshale unatembea. Nimeishusha. Nimeibandika sikioni. Mshale unatembea, mlio hakuna. Sikio la pili — hakuna.

Nikachukua spana, nikaiinua juu ya sakafu ya saruji, nikaiachia. Nikaisikia kwa nyayo. Kwa nyayo!

Nikarusha funguo. Nikawasha kijiti cha kiberiti. Nikasugua viganja mbele ya uso wangu kama mwendawazimu. Mtu angenichungulia angeita watu.

Sasa nakumbuka vitu. Wateja waliokuwa wakiongea, na marehemu aliyekuwa akitoka mlangoni, ananigusa mkono, ananiambia mteja anauliza kama itakuwa tayari kesho. Ananiambia mteja anataka na oili. Kila siku. Nilimwona ana tabia ya kurudiarudia maneno ya watu. Niliwahi hata kumgombeza, nikamwambia mimi si kiziwi. Hakubisha. Aliendelea tu kunigusa mkono.

Alijua. Alijua na hakuniambia, na alipokufa nikadhani watu wameninyamazia. Miaka minne nimewanunia wote.

Nimelia. Sijui kama nililia kwa sauti.

Jumatano, 12 Juni

Saa tatu asubuhi mlango ukatikisika. Mrefu. Pikipiki ya mkunga nyuma yake, na mkunga mwenyewe nyuma ya pikipiki. Nilijiandaa kutukanwa.

Mrefu kavuta stuli, kakaa mbele yangu, magoti kwa magoti. Mkunga kamfundisha, nadhani. Akaongea kwa sauti kubwa, polepole, naona kila neno likitoka.

"Shikamoo, mzee. Tapeti zako ziko wazi mno. Nimepitisha kibati kinene kuliko vyote kwenye seti yangu, na nafasi imebaki. Valvu inafunguka nusu. Ndiyo maana haina nguvu."

Wazi mno. Nililegeza na kulegeza, nangoja iseme, nayo ilikuwa inapiga mayowe tangu mwanzo.

Nikamuuliza kama ameshakaza. Akakataa kwa kichwa.

"Nimefungua, nimeona, nimefunga. Sikugusa. Kazi hii ni yako, mimi nitagusaje?"

Akanipa seti yake ya vibati. Nikaipokea kama mtu wa siku ya kwanza kazini. Miaka thelathini na mbili nimewacheka wenye vibati. Nikasukuma kile chembamba kati ya tapeti na valvu, nikakaza mpaka kikaanza kushika kidogo, kinatoka kwa kusita. Hivyo. Ya pili hivyo hivyo. Haikuhitaji sikio hata kidogo. Dakika kumi kwa kazi iliyonitesa wiki nzima!

Mkunga akapanda, akaelekea kilimani. Sisi wawili tumesimama barabarani tunaangalia. Nilimwona anafika pale pa kukwama. Hakukwama. Akazidi kuwa mdogo machoni, akafika juu, akainua mkono, akapotea upande wa pili. Mrefu alinigusa bega, akasema, "Gia ya tatu, mzee. Hakuishusha mpaka juu!"

Nikamuuliza. Sikutaka kumuuliza, mdomo umejiendea. Mbona uliondoka bila kuniaga?

Akasema, "Nilikuaga. Nilisimama nyuma yako na sanduku begani. Nimekuita mara tatu. Ulikuwa umeinamia injini, hukugeuka. Nikasema basi, mzee kanikasirikia, hataki hata kuniona. Nimelia njia nzima mpaka njia panda, mtu mzima mimi."

Miaka miwili. Yeye kule, mimi huku, kila mmoja anaamini ndiye aliyetupwa.

Na Ijumaa ile? Nikauliza hilo pia. Alitoa shikamoo, anasema. Akangoja marahaba.

Nimempa marahaba yake leo. Kacheka na kufuta uso kwa tambara la oili, akabaki na mustachi mweusi. Sikumwambia.

Alhamisi, 13 Juni

Ujumbe kutoka kwa binti: Baba, Jumapili ulisema ndiyo, mbona hunipi tarehe?

Ndiyo kwa nini? Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi. Ningeweza kumtajia tarehe yoyote. Ndivyo nimeishi, kwa kutaja tarehe yoyote. Mwisho nikaandika: Mwanangu, sikukusikia. Si simu. Ni mimi. Masikio yamekwenda.

Jibu halikuchelewa. Anasema kaniomba nihamie kwao, nami nikasema ndiyo mara mbili, akalia kwa furaha, watoto wameshahamisha kitanda. Anasema pia kwamba akiongea nami hupiga kelele mpaka majirani wanatoka nje kuuliza kuna ugomvi gani. Nami nilidhani anaongea kama yuko kanisani!

Kuhamia? Na karakana? Sijajibu hilo. Nimeandika tu: Ngoja kwanza nione daktari.

Mshonaji nimemwendea dirishani kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno. Alinikatiza, akashika kidevu changu akanigeuza nimtazame, akasema — nimeona vizuri kabisa — fundi leo umeoga.

Mkunga kaniandikia barua ya kupeleka kwenye kliniki ya masikio. Kesho saa mbili. Anasema atanisindikiza mwenyewe, asikilize kwa niaba yangu, maana mimi naitikia kila kitu ndiyo. Nimekubali. Nimevaa shati nione kama linanitosha.

Ijumaa, 14 Juni

Naandikia hapa hapa kliniki, daftari gotini.

Niko peke yangu. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni namngoja mkunga, shati limepigwa pasi. Akatokea barabarani kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao, mkoba umefungwa nyuma, kainua mkono, vidole viwili. Mapacha! Hakusimama, na sikutaka asimame. Nikaweka kiganja ukutani nikaisikia pikipiki inapita. Nilibaki nimesimama pale na shati langu, nafurahi. Mrefu ana kazi ya watu. Sikumsumbua.

Mabenchi manne, watu kama ishirini, wengi wazee. Kila mmoja ana wake pembeni, binti, mjukuu, mke. Mlango mmoja wa kijani. Nesi anaufungua, anatazama faili, anaita jina, anafunga. Hakuna namba, hakuna karatasi ukutani. Anaita kwa mdomo. Kliniki ya masikio! Nimecheka, yule bibi wa jirani akasogea pembeni.

Mwanzo nilifanya hesabu, nani alikuja kabla yangu, nani baada. Hesabu imeharibika, kuna wanaoingia kwa mlango wa nyuma. Sasa natazama mdomo wa nesi tu. Jina langu, nimelijaribu kwenye kioo cha dirisha, linaanza kwa midomo kufungwa. Majina mengi sana yanaanza kwa midomo kufungwa.

Saa nne kasoro robo. Nesi alitoka wakati nimeinama naandika juu ya mapacha. Nilipoinua kichwa alikuwa anarudi ndani. Sijui aliita nani. Hakuna aliyeinuka.

Katoka tena. Midomo imefunga, imefunguka. Hakuna anayeinuka. Anatazama faili, anatazama watu. Bibi wa jirani kanigeukia. Mjukuu wake pia. Sasa benchi la mbele. Wote wananitazama mimi, au wanamtazama mtu anayeandika hospitalini. Nikiinuka na si mimi, ni aibu ya dakika moja. Nisipoinuka na ni mimi —

Kashika kitasa. Anafunga m— Basi, nainuka.